Baiskeli Tuliyoigawana Kama Mbuzi

Tulimzika Hamisi Ijumaa iliyopita, hapa Msambweni, na magari yaliyoleta watu yalikuwa yangu. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa haki ya kujisifu ninayo. Mtu aliyeishia darasa la pili, akaanza na spana moja na pampu iliyovuja, leo ana maduka matatu ya baiskeli, Ukunda, Msambweni na Likoni, na Wazungu wa mahoteli ya Diani wakitaka kuzunguka kwa magurudumu mawili hawana budi kuja kwangu. Mtu huyo akijivuna kidogo, nani atamziba mdomo? Lakini pale kaburini, nilipokwisha kutia mchanga wangu na kurudi nyuma, mkwewe Hamisi, aliyemwoa bintiye wa mwisho, alinisogelea akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo, baba. Eti vile vidole vya marehemu vilikatwa na mashine ya kiwandani?" Nikamjibu, "Marahaba. Ndivyo alivyosema mwenyewe." Na ndivyo alivyosema kweli, miaka zaidi ya thelathini, kwa mkewe, kwa wanawe, kwa kila aliyemwuliza. Nami nilimwacha aseme. Nilirudi nyumbani wakanitengea wali na mchuzi wa samaki changu, kipande cha kichwa ninachokipenda, nikakitazama mpaka kikapoa. Basi nauandika mwaka ule, ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, kwa Kiswahili changu hiki cha kusema kwa mdomo. Nani alimzaa nani sitaandika, wako wazee wa kuulizwa. Inatosha kujua kuwa nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi kwa mjomba wangu Kassim, na Hamisi alikuwa mwanawe, tumepishana miezi mitatu.

Nyumba ya Mjomba Kassim ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili huku na viwili huku, ukumbi katikati, na nyuma uani palikuwa na dungu, jukwaa la miti la kukaushia nazi ziwe mbata. Harufu ya mbata ninayo puani hadi leo. Nikiingia hoteli ya Mzungu yenye marashi na maua, nikapumua kwa nguvu, chini ya yale marashi naisikia. Mimi nilifua nazi. Asubuhi nazi mia tatu, kifuo kimesimama ardhini kama mkuki, unapiga, unapindua, unachana. Mikono yangu ilikuwa migumu hata mkaza mjomba, Bi Mwanasha, alisema nikimshika kuku manyoya yanatoka yenyewe. Hamisi alikwenda shule. Alifika darasa la sita, akajua kusoma Kiingereza, na kule kiwanda cha sukari walikuwa wamemwahidi kazi ya ukarani, ila kiwanda kilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Mjomba alitupiga sote sawasawa, kwa upongoo wa mnazi, bila kubagua mwenye shule na asiye nayo. Alikuwa anapiga halafu anakaa chini anakunywa kahawa yake kama aliyemaliza kupalilia. Siku moja alinipiga kwa nazi mbovu tano zilizoingia katika gunia, akanipasua sikio, na jioni yake aliponiona nimekaa peke yangu dunguni akaniambia, "Bakari, nimeagiza baiskeli. Ikija, utapelekea watu samaki mpaka Kwale juu. Utakuwa mtu." Hilo ndilo neno zuri pekee alilopata kuniambia, nikalishika kwa mikono miwili. Sikujua kwamba siku tatu kabla yake, akiwa na Hamisi ukumbini, alikuwa amemwambia, "Ikija, utakwenda nayo kazini."

Mjomba alikuwa na imani moja ambayo watu wengi wa kwetu walikuwa nayo, kwamba fundi wa mjini akikuungia baiskeli mpya, anazitoa gololi za Ulaya anatia gololi zilizochakaa, na kwamba hata spoki huzibadilisha. Kwa hiyo aliagiza iletwe kama ilivyotoka melini, sandukuni, misumari yake haijaguswa, aje aione ikifunguliwa kwa macho yake. Macho hayo hayakuiona. Alishikwa na homa, siku nne, akafa. Na sanduku likaja kwa lori siku ya arobaini yake, saa nne asubuhi, nyumba imejaa watu, masufuria ya pilau yako motoni uani, maalim na wenzake wamo ukumbini wanamalizia hitima. Utingo alilishusha akaliegemeza kwenye mlango wa mbele akauliza, "Kassim yuko wapi atie kidole?" Wanawake wakaangua kilio upya.

Niliwahi kufika pale kuliko Hamisi. Nalikumbuka sanduku lenyewe, mbao nyeupe zilizonukia kama dawa, maandishi meusi ya Kizungu nisiyoyajua kusoma. Sikungoja ruhusa. Nilichukua shoka la kuni nikaingiza ncha kati ya mbao mbili nikapinda, msumari ukalia, ubao ukapasuka. Hamisi akanishika shingo kwa nyuma. "Lako hilo?" akasema. "Lako hilo, mfua nazi?" Nikampiga kwa kiwiko, meno yake yakagongana nikayasikia. Ndani palikuwa na vumbi la mbao na karatasi ya mafuta, na katika karatasi ile fremu nyeusi inayong'aa kama mtu aliyetoka kuogelea, mistari ya dhahabu, na magurudumu mawili yamefungiwa ubavuni kwa kamba. Kengele ilikuwa katika kifuko chake. Pedali mbili, kila moja imezongwa peke yake. Na karatasi moja iliyokunjwa, yenye picha na maandishi madogo. Hamisi, damu inamtoka mdomoni, akainyakua hiyo karatasi. Mimi nilikuwa naitaka baiskeli. Karatasi ningeifanyia nini?

Sasa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Sisi Wadigo kwa mila ya zamani, mali ya mtu haikwenda kwa mwanawe, ilikwenda kwa mpwawe, mtoto wa dada yake, kwa sababu tumbo la dada halina shaka. Lakini sisi pia ni Waislamu, na katika sheria mtoto wa dada, ikiwa mwana yupo, hapati hata kijiko. Miaka ile mambo mawili haya yalikuwa yanakaa nyumba moja kama paka wawili. Siku ile yakaparurana. Babu Nassoro, mkubwa wa ukoo wa mama yangu na Kassim, alisimama mlangoni na bakora yake akasema, "Kassim kaacha mpwa. Baiskeli ya Bakari." Maalim kutoka ukumbini, msahafu bado umefunguka mapajani, akasema kwa upole, "Mzee wangu, mpwa hana fungu hapa. Muogope Mungu." Babu akasema, "Mimi namwogopa Mungu tangu hujazaliwa." Bi Mwanasha akatokea jikoni, mwiko mkononi, na macho mekundu kwa moshi na kilio, akasema, "Mwanangu amefiwa na babake, nanyi mwataka kumvua hata nguo?" Mtu mmoja wa upande wetu akamwambia anyamaze, ni mwanamke. Alimpiga ule mwiko usoni, na mwiko ulikuwa unatoka sufuriani. Bwana yule alipiga ukelele kama mbuzi. Hapo ndipo wanaume walipoingiliana. Nilimwona mtu anapigwa kwa kinu. Nilimwona mwingine anavuta ndevu za mwenziwe huku anasema "Astaghafirullah" kila akivuta. Sufuria moja ya pilau ikapinduka, mchele ukamwagikia miguu ya watu, wakaruka wakiwa bado wanapigana, na kuku wakaja wakala. Mimi nilikuwa nimelala juu ya sanduku, nimelikumbatia, napigwa mgongoni na sijui na nani, na nilikuwa na furaha. Sijawahi kusema hivyo kwa mtu. Nilikuwa na furaha.

Walipochoka, wameketi wanapumua, Babu Nassoro ndiye aliyetoa hukumu. Hakupata kumiliki baiskeli maishani mwake, wala kuipanda. Alichungulia sandukuni, akaviona vile vipande vimelala kila kimoja mbali na mwenziwe, akasema, "Kumbe haiko nzima. Imeletwa imeshakatwa. Basi tatizo liko wapi? Tuigawe." Na wazee wote, hata maalim, wakaona ni busara. Tuliigawana kama mbuzi wa akika. Huyu paja, yule bega. Mimi nikapewa fremu, gurudumu la mbele, usukani na pedali zote mbili. Hamisi akapewa gurudumu la nyuma, mnyororo, kiti, kengele na pampu. Pakasomwa Fatiha. Watu wakala pilau iliyobaki, wakatawanyika wameridhika, kila mmoja na uvimbe wake.

Wiki tano tuliishi hivyo chini ya paa moja. Fremu yangu nilikuwa nalala nayo, mguu wangu mmoja nimeupitisha katikati. Chumba changu na chake vilitengwa na ukuta wa udongo uliokuwa na nyufa, na kila asubuhi nilimsikia akiipiga kengele yake, kring, kring, makusudi, nijue kuwa anayo. Nilimsikia pia mamake. "Usimpe hata nati," alisema. "Huyo, babako alimlisha bure." Na Hamisi akamjibu, "Mama, kiwandani wamesema mwisho ni mwezi ujao. Nisipoweza kufika saa moja asubuhi watamchukua mwingine." Nilifurahi kusikia. Wakati wa chakula Bi Mwanasha aliniwekea muhogo na mchuzi mtupu, samaki wamekwenda upande wa pili wa sinia, nami nilikula nikimtazama Hamisi machoni mpaka yeye akaacha kula. Kisimani nilimzamisha kichwa ndooni, nikahesabu, nikamwachia. Kesho yake alinitupia jiwe nikiwa nafua nazi, nikateleza, kifuo kikaniingia kiganjani kikatokea kidogo upande wa pili. Kovu hilo huwaonyesha wageni dukani nikawaambia nilipigana na mwizi. Mamake alitupiga sote kwa mchi. Alikuwa anapiga vizuri kuliko marehemu, kwa sababu yeye alikuwa analia.

Mwishowe Babu Nassoro aliitwa tena, akaona aibu kidogo, akasema iungwe, tuitumie kwa zamu, wiki kwangu wiki kwa Hamisi. Wiki ya kwanza ya nani, hakusema. Jumamosi moja asubuhi tukaitoa uani, kila mtu na vipande vyake, tukaviweka juu ya mkeka. Nami nitajisifu hapa, maana ni kweli: sikuwahi kumwona mtu akiunga baiskeli, lakini nilipoishika ile fremu mikono yangu ilijua. Niliitia usukani na kiti, nikaipindua juu chini, ikasimama kwa hivyo viwili. Nilitia gurudumu la mbele, nikalikaza, nikalizungusha, likayumba, nikalilegeza nikalikaza tena mpaka likazunguka bila kugusa popote. Nilitia la nyuma. Nilivisha mnyororo. Hamisi alikuwa ananipa vipande vyake kimoja kimoja, kama anayetoa damu, na kwa nusu saa, wallahi, tulikuwa tukifanya kazi pamoja. Alishika, nikakaza. Nilisema "grisi", akanipa grisi. Bi Mwanasha alituletea chai na mahamri, akatuwekea sahani moja, akasimama akatutazama. Nikadhani yamekwisha.

Pedali ya kulia iliingia kama inayokwenda kwao. Ya kushoto ikakataa. Niliizungusha, ikashika uzi mmoja wa parafujo, ikatoka. Nikaisafisha nikatia tena, ikatoka. Nikasema, "Wametuibia wale. Wameleta pedali ya baiskeli nyingine." Hamisi alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, ile karatasi ya sandukuni ameifungua juu ya goti. Alikuwa anatabasamu, mdomo una kovu upande mmoja bado.

"Humu limo neno juu ya pedali ya kushoto," akasema.

"Lisome."

"Kwa nini? Si wewe fundi?"

"Hamisi, lisome."

"Sema, tafadhali bwana karani, mimi mfua nazi sijui kusoma."

Nilimtupia nyundo. Ilimpita ikagonga sufuria. Hakuogopa hata. Alikunja karatasi polepole, akaitia kifuani ndani ya shati, akasema, "Wiki ya kwanza yangu. Jumatatu nakwenda kiwandani. Wewe endelea kugonga." Nikamwambia wiki ya kwanza ni ya aliyeiunga. Akasema, "Basi mimi natoa changu." Akainama kwenye mnyororo. Mnyororo ulikuwa fungu lake, kweli. Akautia vidole pale ulipopanda juu ya lile gurudumu la meno, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, auvute uruke.

Mkono wake niliuona. Nataka hili lieleweke, kwa sababu siku zote nilipoulizwa nilisema sikuuona. Jua lilikuwa juu yetu, nami nilikuwa hatua moja. Niliviona vidole, niliona kucha zake zilivyo safi, kucha za mtu wa shule, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya pedali ya kulia. Nikazungusha. Nilizungusha kwa nguvu yote ya nazi mia tatu. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayevunja muwa kwa meno. Mnyororo ukakwama, gurudumu likasimama ghafla, na Hamisi hakulia mara moja. Alitazama tu mkono wake ulivyoingia ndani ya mashine, amekunja uso kama aliyesoma neno asilolijua. Kisha akapiga kelele ambayo majirani wa kule ng'ambo ya barabara waliisikia. Ili avitoe ilinibidi nizungushe kinyume, na Bi Mwanasha alipotoka jikoni na mchi aliniona nazungusha, akadhani ndiyo kwanza namkata. Alinipiga begani, mfupa ukalia. Akanipiga tena palepale. Sikuiacha pedali. Nilikuwa namwambia, "Natoa! Natoa!" naye anapiga, mpaka vidole vikatoka, kimoja kimening'inia na kingine hakipo. Kilikutwa baadaye kwenye meno, kidogo kama kidonge cha uzi. Wanaume wanne walimbeba Hamisi kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali, wakipokezana, na ile baiskeli ya haraka iliyotakiwa na kila mtu ikabaki uani imesimama juu chini, inadondosha damu.

Hakuna aliyeitaka tena. Hilo ndilo ambalo sikulitegemea. Babu Nassoro alisema ni yangu, upande wetu umeshinda, lakini alilisema akitazama pembeni. Maalim hakuja. Bi Mwanasha hakunifukuza. Alipika, akanitengea, na safari hii aliniwekea samaki. Kipande kikubwa, mbele yangu, kila siku, bila kunitazama. Nisingeweza kukaa katika nyumba ile wiki nyingine. Hamisi alirudi baada ya siku kumi, mkono umefungwa kitambaa kama kifurushi, akaingia chumbani akalala. Kiwandani walikuwa wamekwisha kuchukua karani mwingine. Baadaye walimpa kazi, ya kusukuma vigari vya miwa, na huko ndiko alikokuja kuisingizia mashine.

Asubuhi niliyoondoka nilikuwa nimeiosha kwa mafuta ya taa, spoki moja moja. Nguo zangu nimezifunga nyuma. Bega langu liliniuma hata kuinua mkono ni taabu. Iliyobaki ilikuwa ile pedali ya kushoto. Nilishaijaribu kwa mkono, kwa spana, kwa koleo, sasa nikaamua kuiingiza kwa nyundo, iingie au ivunjike. Nikagonga. Chuma kikalia uani kote. Nikagonga tena.

"Bakari."

Ilitoka dirishani kwake. Sikuona uso, pazia lilikuwa limeshuka. Nyundo ikabaki juu.

"Acha kugonga. Utaiharibu."

Nikaishusha nyundo mpaka gotini.

"Ya kushoto hufungwa kinyume," akasema. "Zungusha kama unayefungua. Ndivyo walivyoandika."

Nilidhani ananidhihaki, au anataka nimalize kuiua. Kisha nikaiweka nyundo chini, nikaishika pedali kwa gumba na kidole kimoja tu, nikaizungusha upande ambao akili yangu yote ilikataa. Ikashika. Ikaingia uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, laini, bila nguvu yoyote, ikaenda mpaka mwisho.

"Imeingia?" Hamisi akauliza.

Niliikaza kwa spana. Nikaigeuza baiskeli, nikaisimamisha kwa magurudumu yake, nikaitoa kwa mlango wa uani. Nilimsikia anainuka kitandani, kitanda kinalia, anasogea dirishani.

"Bakari! Imeingia?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nami nilikuwa nimekwisha kuipanda.